Nilipofumba Macho Mbele ya Wekesa

Alhamisi, Julai 1996. Mawingu tangu asubuhi, manyunyu yasiyokatika, kiatu cha kushoto kimeingia maji.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoandika katika daftari langu siku ile, na siku yenyewe naikumbuka hata nikilifunga daftari. Mwanangu, mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu. Tangu ujana nina tabia ya kuandika kidogo kila siku: hali ya hewa, kilichotokea, tulichokula. Sina hakika kama maandishi haya yana faida kwa mtu mwingine. Lakini nimesikia kwamba umeanza kazi ya kuwauguza watu wanaoumwa akili, na kwamba juzi ulirudi nyumbani umejaa hasira. Basi nitakueleza kosa langu. Nitajaribu kulieleza kama lilivyokuwa, na pale ambapo sikumbuki vizuri nitakuambia sikumbuki.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nyumbani kwetu kulikuwa mtaa wa Shauri Moyo, kazini mtaa wa Baba Dogo. Pale Baba Dogo palikuwa na godauni la zamani la sabuni lililogeuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa, vitanda kumi na viwili tu. Waliletwa watu waliotoka hospitali kubwa, wakakaa nasi wiki chache kujizoeza maisha kabla ya kurudi kwao. Mimi nilikuwa msaidizi. Niligawa chakula, nilisimamia kuoga, nilifungua na kufunga milango. Mkubwa wetu alikuwa Sista Nafula, muuguzi wa miaka mingi, mwanamke mfupi ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Tulipakana na kiwanda, na kila saa kumi jioni king'ora chake kililia kwa ajili ya kubadilisha zamu. Kililia mpaka vikombe vikatikisika mezani.

Lazima nikwambie pia kwamba nilikuwa mtu wa hasira. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Gikomba, kutengeneza masanduku ya bati, na niliipoteza kwa sababu fundi mwenzangu alimtania mke wangu nikamrukia. Yeye alikosea, ndiyo. Lakini alitania kwa mdomo na mimi nilijibu kwa nyundo, na ni bahati tu kwamba ilimpata begani.

Kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya siku ninayokueleza, alipokuja mwalimu wa wauguzi kutufundisha kwa siku mbili jinsi ya kutuliza hasira zetu wenyewe, nilikaa mbele kabisa. Alisema hasira huanza mwilini kabla ya kufika mdomoni. Taya hukaza, mabega hupanda, pumzi huwa fupi. Ukijua kwako inaanzia wapi, unaweza kuitazama ikija na ikienda, bila kuifuata. Akatukalisha kwenye viti, akatuambia tufumbe macho, tuweke kiganja kifuani, tuhesabu pumzi kumi. Mimi nilihesabu kwa Kiarabu, kama tulivyofundishwa madrasa, midomo ikicheza. Nilifanya hivyo kila jioni nyumbani. Mke wangu Rukia alikuwa akipita na sufuria anauliza, "Baba Zuhura, umelala ukiwa umekaa?" Nilijiona nimepona.

Sasa mtu mwenyewe ni Wekesa. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitatu, mtu wa Bungoma, mrefu, sauti nzito. Kabla ya kuugua alifanya kazi kiwandani miaka sita, siyo kile cha jirani, kingine. Lakini king'ora ni king'ora. Kila kilipolia saa kumi alisimama, akaenda mlangoni, kwa sababu mwili wake ulikuwa bado unaamini kwamba anachelewa zamu. Sista Nafula alikuwa akimwacha asimame pale mpaka kinyamaze, kisha anamwuliza, "Wekesa, leo ni siku gani?" Naye anajibu, anarudi kukaa.

Alhamisi ile Wekesa alibakiwa na siku moja kwetu. Daktari alikuwa aje Ijumaa kutia sahihi aende nyumbani, na mama yake alikuwa keshaanza safari kuja kumchukua. Na tulikuwa na sheria: mgonjwa akimpiga mfanyakazi, anarudishwa hospitali kubwa, kwenye wadi ya kufungiwa. Wekesa aliijua. Sote tuliijua.

King'ora kikalia. Sista yuko chumba cha dawa, niko peke yangu na wagonjwa tisa na birika la chai. Wekesa akasimama.

"Kaa, Wekesa. Chai inapoa."

"Boss, nimechelewa."

"Umechelewa wapi? Kaa chini."

"Niko zamu ya jioni. Fungua."

Nikaenda nikasimama kati yake na mlango. Hapo ndipo kosa la kwanza, ingawa wakati ule niliona ni kazi. Akazitazama funguo kiunoni mwangu, akacheka.

"Wewe ni mfungwa kama sisi," akasema, wote wasikie. "Tofauti ni kwamba wewe umepewa funguo uzibebe."

Wenzake wakacheka. Mmoja akapiga meza. "Amekupata, Salim! Hiyo imeingia!"

Iliingia kweli. Nilisikia taya likikaza. Nikajiambia, sasa hivi ndipo mafunzo yanapohitajika. Basi pale pale, hatua moja kutoka kwa mtu aliyekasirika, nikafumba macho, nikaweka kiganja kifuani, nikaanza kuhesabu: wahid, ithnain, thalatha.

Nikamsikia akiuliza, polepole, "Unafanya nini?"

Sikujibu. Arbaa.

"Unaniombea? Nakuuliza, unaniombea?"

Hamsa. Kikombe cha bati kikanipiga juu ya jicho, na chai ya moto ikanimwagikia shingoni.

Mwanangu, pumzi zote nilizohesabu mwezi mzima zilikwisha mara moja. Nilimkamata mkono, nikaukunja nyuma, nikamlaza kifudifudi sakafuni na kumkalia mgongoni. Kumlaza labda ilikuwa haki, kwa sababu bado alikuwa na kikombe. Lakini kikombe kilipomtoka mkononi mimi niliendelea kumkalia. Alikuwa ametulia, analia, na mimi bado niko juu yake. Sijui ni muda gani. Siyo mrefu. Ni mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Salim," nikamsikia Sista Nafula mlangoni, bila kupaza sauti. "Toka mgongoni mwa mtoto wa watu."

Nikatoka. Akampeleka Wekesa chumbani kwake, mimi nikaenda ofisini, damu ikinitiririka kwenye kope, nikafungua kitabu cha ripoti. Nikaandika haraka, kalamu ikikwaruza karatasi: *Saa kumi na dakika tano mgonjwa Wekesa amempiga msaidizi kwa kikombe, bila sababu. Amedhibitiwa.* Nikatia sahihi. Nilipomaliza nilihisi raha, na raha ile ndiyo inayonitia aibu zaidi kuliko kumkalia.

Sista akaja na pamba na spiriti. Alinisafisha huku akisoma kitabu juu ya bega langu.

"Bila sababu," akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Kabla ya kikombe kulikuwa na nini?"

"Hakuna."

"Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natuliza hasira, vile tulivyofundishwa."

"Hebu nionyeshe."

Nikafumba macho, nikaweka kiganja kifuani, nikahesabu. Nilipofumbua, pamba ilikuwa imesimama hewani mkononi mwake.

"Nani alikwambia ufumbe macho mbele ya mtu aliyekasirika? Hata paka hafumbi."

"Mwalimu, Sista."

"Mwalimu hakukosea. Alikufundisha ukiwa kwenye kiti, mlango umefungwa, hakuna anayekutaka. Na ilifaa akwambie mengine, labda siku mbili hazikumtosha." Akanibandika plasta. "Unajua walimfanya nini huyu, kule mtaa wa Huruma?"

"Sijui."

"Liko kwenye faili lake."

"Sista, mwandiko wa daktari sisomi."

"Basi nenda ukamuulize mwenyewe. Yeye si mwandiko."

Niliogopa. Nilimwambia ninaogopa, na nilimwambia pia kwamba bado namkasirikia. Hakunicheka. Alinishika bega akanieleza, na haya ninakupa kama alivyosema, kwa kadiri ya kumbukumbu yangu. Usisimame mbele yake, simama upande, umwachie mlango. Mikono aione. Macho yawe wazi, lakini usimkazie macho yake. Mtazame kifungo cha shati. Mdomo uwe umefungwa. Vuta pumzi kwa pua kama kawaida, ila ukiitoa itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Na miguu yako, isikie ndani ya viatu. Hasira ikipanda usiifukuze na usijifanye haipo. Jiambie ndani kwa ndani, nimekasirika. Basi. Halafu rudi miguuni.

"Na ikinishinda?"

"Toka. Niite. Hakuna aibu ya kutoka. Aibu ni ya kubaki kwa kiburi."

Wekesa alikuwa amekaa kitandani, ngumi mbili juu ya magoti. Niliacha mlango wazi nikasimama upande wa dirisha. Hakuniangalia.

"Umekuja kumaliza?"

"Nimekuja kuuliza."

"Ulinikalia kama gunia la viazi. Sasa unauliza nini?"

Taya likakaza tena. Jeraha likapiga kama moyo. Nimekasirika, nikajiambia. Nikashuka miguuni. Mguu wa kulia, mkavu. Wa kushoto, soksi imelowa, baridi, kidole kidogo kimekufa ganzi. Nikabaki na kile kidole. Nikatoa pumzi. Kifungo cha pili cha shati lake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweupe, vingine uzi wa buluu. Nilitazama uzi ule mpaka nikaona ninaweza kusema bila sauti kutetemeka.

"Nataka kujua uliona nini. Kabla ya kikombe."

Manyunyu yalikuwa yakigonga mabati.

"Nilikuona wewe umeanza," akasema. "Umefunga macho, mkono hapa, unanong'ona. Hata wao walianza hivyo. Shangazi alinipeleka kwa hema la maombi, Huruma. Wakasimama kunizunguka, wakafunga macho, wakaanza chini chini. Baadaye wakapaza. Baadaye wakapiga. Siku tatu, bila chakula, wakiniambia nitoke, eti mimi ni pepo. Mimi nitoke wapi? Mimi ndiye mwenye mwili."

Sitaki usome haya ukadhani naponda maombi. Nimewaona wagonjwa wakipata utulivu kwa padri wao, na kwa shehe wao, na hata shangazi yake alimpeleka kwa kumpenda, hakujua mahali pengine. Naandika tu lililompata Wekesa, kwa watu wale, katika hema lile.

"Sikuwa nakuombea," nikasema. "Nilikuwa nahesabu pumzi. Nilitaka kukupiga, nikawa najizuia."

Hapo akainua kichwa, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Ulitaka kunipiga?"

"Sana."

"Kwa ile ya funguo?"

"Kwa ile ya funguo."

Akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka akajifuta macho. "Kumbe na wewe ni mgonjwa, boss. Wakuwekee kitanda."

Ngumi zake zilikuwa zimefunguka. Sikuziona zikifunguka; niliona tu kwamba sasa ni viganja.

Kisha akaacha kucheka. "Umeshaandika?"

"Nimeandika."

"Mama yuko njiani," akasema. "Amebeba vitu." Hakuomba. Alisema hivyo tu, akageukia ukuta.

Nilirudi ofisini. Katika kitabu cha ripoti hairuhusiwi kufuta wala kuchana ukurasa. Ukitaka kurekebisha unaandika chini yake, kila mtu asome la kwanza na la pili. Nilikaa mbele ya kitabu kile mpaka zamu yangu ikapita. Binti yetu Zuhura alikuwa na miezi minane. Nilijua nikiandika kwamba nilimkalia mgonjwa aliyekwisha kutulia, naweza kwenda nyumbani bila kazi mara ya pili. Nilijiambia hoja nyingi, na baadhi zilikuwa za kweli: alinipiga, chai ilikuwa ya moto, sheria sikuitunga mimi. Nikajisikia mabega yamefika masikioni. Nikayashusha. Nikaandika polepole, herufi kubwa kama za mtoto:

*Kabla ya kupigwa, msaidizi alimzibia mgonjwa mlango wakati wa king'ora, hali anajua mgonjwa amezoea kusimama pale. Mgonjwa alimdhihaki. Msaidizi akafumba macho akanong'ona mbele yake. Mgonjwa akadhani anafanyiwa kama alivyofanyiwa Huruma, akampiga kwa kikombe. Msaidizi alimkalia hata baada ya kutulia. Maneno "bila sababu" hapo juu si sahihi. Sababu ilikuwepo, sikuitazama.*

Sista alisoma, akatia sahihi yake kando ya yangu.

Ijumaa ilikuwa baridi vile vile. Daktari alichelewa, akafika karibu saa kumi. Mama Wekesa alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, mwanamke mwembamba mwenye leso ya kichwa na kapu la ndizi kati ya miguu. Daktari akakaa meza ile ile ya chai, Wekesa upande wa pili, mimi nimesimama. Akafungua kitabu cha ripoti, akasoma andiko la kwanza, akatikisa kichwa. Akasoma la pili. Akarudi la kwanza.

"Hii imeandikwa na nani?"

"Zote mbili ni mimi, daktari."

"Unaelewa ulichoandika hapa chini?"

Kabla sijajibu, king'ora kikalia.

Vikombe vikatikisika. Wekesa akasimama wima, kiti kikaanguka nyuma yake. Daktari akasukuma kiti chake nyuma. Mama akainuka na kapu. Kila mtu chumbani alimtazama Wekesa, na Wekesa alitazama mlango, na mlangoni hapakuwa na mtu, kwa sababu safari hii nilikuwa nimesimama upande. Ninaogopa, nikajiambia. Miguuni. Kushoto, bado unyevu. Nikatoa pumzi ndefu, macho wazi.

"Wekesa," nikasema. "Miguu yako iko wapi?"

Akatazama chini. "Kwa viatu."

"Na viatu?"

"Kwa sakafu."

"Sakafu ya wapi?"

King'ora kiliendelea. Alikuwa anatoka jasho na baridi ile. Nikamwona akitoa pumzi, na mimi nikatoa, na nyuma yake Sista Nafula akatoa.

"Baba Dogo," akasema. "Si kazini. Leo ni Ijumaa. Mama amekuja."

Kikanyamaza. Akainama, akaokota kiti, akakaa.

Daktari akasoma tena andiko la pili. Halafu akatia sahihi aende nyumbani. Mimi nikapewa barua ya onyo, na miezi mitatu sikuruhusiwa kuwa peke yangu na wagonjwa. Ilikuwa haki. Sitaki pia nikudanganye kwamba Wekesa alipona moja kwa moja. Mwaka uliofuata alirudi kwetu mara moja, akakaa wiki mbili. Alipofika mlangoni alisema, "Niaje, mfungwa mwenzangu," na sikukasirika. Kidogo tu.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, uipime mwenyewe kwa sababu mimi si msomi. Fanya yale mazoezi ya kufumba macho, ni mazuri, lakini yafanye nyumbani kwako. Mbele ya mgonjwa baki macho wazi. Jua hasira yako inaanzia wapi mwilini, iwe taya au tumbo au mikono, uijue kama unavyojua sauti ya mlango wenu. Ikija, iite kwa jina lake kimya kimya, ushuke miguuni, utoe pumzi polepole. Usimzibie mtu njia ili uonekane una nguvu. Muulize kila mgonjwa, siku akiwa mtulivu, ni kitu gani kinachomtisha, maana pengine ndicho unachokifanya ukidhani unamsaidia. Na mkono wako ukifika kwenye kitabu, kabla ya kuandika "bila sababu," rudi nyuma kidogo, na nyuma tena, mpaka ujione na wewe mle ndani. Ukikosea, na utakosea, andika chini yake.

Mungu akutunze katika zamu zako zote. Akupe mabega mepesi, na ulimi usiokutangulia, na mkubwa wa kazi atakayekuita kwa jina bila kupiga kelele. Arudishe nyumbani salama kila utakayemfungulia mlango, nawe urudi salama kwa wanaokungojea.

Daftari langu la Ijumaa ile linamalizikia hivi: *Mama Wekesa amenipa ndizi nne. Nilikataa, akaziweka yeye mwenyewe mfukoni mwa koti langu, akitazama plasta. Sijui kama alijua mengine. Jioni tumekula wali na maharagwe ya nazi, kisha ndizi. Rukia mbili, Zuhura amepondewa moja. Yangu nimeila polepole, macho wazi.*